Upepo, Moto na Kuta: Historia ya Hewa ya Ndani ya Nyumba katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wakazi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, tangu zamani hata leo, walivyojaribu kuipatia nyumba hewa iliyo njema: wakati wa joto ipoe, wakati wa baridi ipate moto, na wakati wote iwe ya kuvutwa bila madhara. Wanahistoria wa ujenzi wameandika mengi juu ya milango yenye nakshi, zidaka na mihirabu. Juu ya hewa wameandika machache, maana hewa haichimbuliwi wala haipigwi picha. Hata hivyo imeacha alama zake mahali pawili: katika majengo, na katika maneno. Mwanafunzi wa lugha hana ujuzi wa kuchimba magofu, lakini anaweza kuchimba msamiati, na mara nyingine neno husema jambo ambalo ukuta umelinyamazia.

Hoja yetu ni moja. Katika mambo ya hewa ya nyumbani ziko kazi tatu ambazo hazifai kuchanganywa: kupepea, yaani kuitikisa hewa iliyopo, kupoza, yaani kuiondolea joto, na kupitisha, yaani kuitoa hewa iliyokwisha tumika na kuingiza nyingine mahali pake. Nyumba ya kale iligawa kazi hizi kwa viungo vyake mbalimbali, na mwenye nyumba alijua kila kiungo na kazi yake. Mashine za siku hizi hufanya moja au mbili, nasi kwa mazoea ya usemi twadhani zimefanya zote tatu. Tutaona mwishoni kwamba mchanganyiko huu wa maneno una gharama ya afya, na wakati mwingine gharama ya roho za watu.

Ushahidi wa maneno

Neno upepo ni la Kibantu asili. Jamaa zake katika lugha nyingine huonyesha kuwa upepo na ubaridi vilikuwa jambo moja: Waganda husema empewo kwa upepo, hewa na baridi; Wakikuyu husema heho kwa baridi. Kiswahili kimeliachia neno upepo kazi ya mwendo wa hewa peke yake, na kwa hali ya ubaridi kikachukua neno baridi la Kiarabu. Vivyo hivyo hewa ni neno la Kiarabu. Basi msemaji wa Kiswahili amepata maneno matatu, upepo, baridi na hewa, mahali ambapo jamaa zake wengi wa Kibantu wanatosheka na moja. Huu ni utajiri, nao watupasa tuutumie kwa uangalifu.

Upande wa pili uko moto. Mzizi wa Kibantu -jot- una maana ya kupata joto kwa kukaa karibu na moto. Ndiyo asili ya moto, ya joto, na ya kitenzi ota tunapokisema katika kuota moto au kuota jua. Yaani moto, kwa asili ya jina lake, ni kitu cha kuotwa kabla ya kuwa kitu cha kupikia. Neno moshi nalo laelekea kutokana na kitenzi oka, kama vile mpishi alivyotokana na pika: sauti k hugeuka sh mbele ya kiambishi i. Moshi kwa hiyo ni kile kitokacho katika kuoka.

Wapwani walikwenda mbele zaidi, wakapanga hata akhera kwa maneno haya. Mtu mwema huenda peponi, na mwovu huenda motoni. Ijapokuwa firdausi na jahanamu zimeingia katika lugha kwa njia ya dini, maneno ya kila siku yamebaki haya mawili ya kienyeji. Sina haja ya kushikilia kuwa wazee walikuwa na nadharia ya hewa; lakini ni dhahiri kwamba katika nchi ya joto na unyevu, mahali pa upepo palikuwa ndipo mfano wa raha.

Neno jingine la kutazamwa ni kupunga. Twasema kupunga upepo au kupunga hewa, tukiwa na maana ya mtu kutoka nje, akakaa barazani au pwani, hewa impige. Katika Kijerumani kiko kitenzi lüften, kilichotokana na Luft, hewa, na maana yake ni kufungua madirisha ili hewa ya chumba ibadilike. Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisoma Ujerumani alikuta katika mkataba wa kupanga chumba sharti la kufanya hivyo kila siku, hata theluji ikianguka. Tofauti hii ni ya maana. Mjerumani, aliyefungiwa na baridi miezi mingi, huipeleka hewa kwa chumba. Mswahili humpeleka mtu kwa hewa. Chumba chenyewe hakikuhitaji kitenzi chake, kwa sababu muda mrefu nyumba ilikuwa wazi kiasi cha kujipitishia hewa yenyewe. Nyumba ilipoanza kufungwa, kitenzi hakikuwapo.

Nyumba ya mawe

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaeleza kuwa mji umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani. Wakati huohuo palikuwapo Husuni Kubwa, jumba la mawe la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambalo Neville Chittick alilichimbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Habari hizi mbili hazipingani. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache, na walio wengi waliishi chini ya paa la majani. Kabla ya hapo, huko Shanga katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha jinsi majengo ya miti na udongo yalivyotangulia yale ya matumbawe.

Ujenzi wa mawe ulikuwa na sharti moja kubwa lililotawala hewa ya ndani. Sakafu ya juu ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa. Kwa hiyo upana wa chumba ulikuwa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, hata urefu wake ukiwa mkubwa. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman, Ghuba ya Uajemi na Basra, na huko nazo zikapima upana wa vyumba vya watu.

Katika nyumba za Lamu, zilizochunguzwa na Usam Ghaidan na James de Vere Allen katika miaka ya 1970, mpango huu waonekana wazi. Mgeni aliingia kwa daka, akapita tekani, akafika kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa. Kutoka kiwandani alipanda msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba kati na choo. Kila hatua ya kuingia sakafu ilipanda kidogo. Misana ilikuwa wazi kuelekea kiwandani, na mara nyingi nyumba ilielekezwa kaskazini, ambako ndiko kibla, na ndiko upepo wa kaskazi utokako miezi ya Desemba hadi Machi, wakati joto lilipo kali.

Tukiitazama nyumba hii kwa jicho la hewa, twaona kuta nene za mawe na chokaa, zilizochelewa kupata joto la mchana na kuchelewa kulitoa usiku; hiyo ndiyo kazi ya kupoza. Twaona kiwanda, kilichopokea upepo kutoka juu na kuachia hewa ya joto ipande. Hiyo ndiyo kazi ya kupitisha. Kazi ya kupepea ilibaki mikononi mwa watu wenyewe, kwa upepeo wa ukili. Jiko katika nyumba nyingi za ghorofa liliwekwa juu kabisa, darini, chini ya kibanda cha makuti, ili moshi na joto viondoke bila kupita mahali pa kulala.

Hapa tusiingie katika sifa zisizo na kipimo. Chumba cha ndani kilikuwa cha giza, na nyumba kati mara nyingi haikuwa na dirisha hata moja. Heshima ya nyumba ilidai watu wa ndani wasionekane, na kutoonekana kulinunuliwa kwa upungufu wa hewa. Lugha imeuhifadhi mvutano huo. Neno shubaka, ambalo katika Kiarabu ni dirisha, katika Kiswahili limekuja kuwa na maana ya kishimo cha ukutani cha kuwekea taa au vyombo. Tundu limezibwa, jina limebaki. Kwa dirisha lenyewe tulichukua neno la Kiajemi. Neno sakafu nalo limegeuka: kwa Waarabu ni paa au dari, kwetu ni mahali pa kukanyaga. Maana hiyo yaeleweka kwa mtu aliyekaa katika nyumba ya paa bapa, ambamo paa la huyu ni sakafu ya yule, na usiku wa joto watu hupanda juu yake kutafuta upepo.

Yafaa kuuliza kwa nini wapwani, waliofanya biashara na Ghuba karne nyingi, hawakuufanya mnara wa upepo kuwa sehemu ya kawaida ya nyumba zao. Waajemi huuita badgir, yaani mshika upepo, na Waarabu wa Ghuba huuita barjil. Ingali iko mizuri katika mtaa wa Bastakiya mjini Dubai, mtaa uliojengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak nchini Uajemi mwishoni mwa karne ya 19. Jawabu limo katika majira. Mnara huo huokota upepo wa juu mahali ambapo chini hakuna upepo wa kutegemewa. Pwani yetu ina kaskazi na kusi zinazopokezana kila mwaka, na kati yake matlai ya asubuhi na umande utokao bara. Jirani alikuwa na dawa, lakini huku ugonjwa haukuwa huo.

Mahali pa moto

Nyumba za walio wengi hazikuwa za mawe. Zilikuwa za miti, fito na udongo, zimeezekwa kwa makuti, na kufikia karne ya 19 zilikuwa na umbo linalojulikana hata leo kuwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba pande mbili, na uani nyuma. Ukumbi huo ulikuwa njia ya watu na njia ya upepo pia. Jiko na choo vilikuwa uani. Umbo hili lilifuata njia za misafara hadi Tabora, Ujiji na Kasongo, na pamoja nalo ulikwenda utaratibu wa kuutenga moto na malazi.

Katika nyanda za juu za bara mambo yalikuwa mengine, na kwa sababu njema. Katika nyumba ya mviringo ya Mkikuyu mafiga yalikuwa katikati, kwa kuwa moto uleule ulipika chakula, ukawapasha watu joto usiku, ukakausha nafaka iliyowekwa juu ya dari, na kwa moshi wake ukazuia wadudu wasiile miti ya paa. Nyumba haikuwa na dirisha. Moshi ulipenya polepole katika majani. Mtu wa pwani aliyefika huko aliona moshi. Mwenye nyumba aliona joto, ghala na dawa ya wadudu. Majani yalipoondolewa na mabati kuwekwa, njia ya moshi ikazibwa, lakini moto ukabaki palepale. Hapo ndipo twaona jinsi badiliko la kiungo kimoja linavyoharibu mpango mzima.

Hata pwani moshi haukufukuzwa wote. Udi na ubani vilifukizwa kwa chetezo, katika nguo, katika nywele na katika chumba cha harusi, na manukato hayo yalihesabiwa kuwa usafi. Kwa masikio ya Kiswahili kitenzi fuka, kutoa moshi, na fukiza, kuupeleka moshi kwa makusudi, havina ubaya ndani yake. Ubaya umo katika fukuto, joto lisilo na upepo, na katika uvundo, harufu ya kitu kilichofungiwa katika unyevu. Wazee walichukia hewa iliyosimama kuliko hewa yenye moshi wa manukato.

Unguja ya karne ya 19

Mji wa Unguja ulipokua chini ya Seyyid Said na wanawe, mambo ya hewa yalipata sura mpya. Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza roshani kubwa ya mviringo katika jumba la Mtoni iliyoelekea bahari, ambako baba yake alipenda kwenda. Neno roshani ni la Kiajemi, na asili yake ni mwanga; kwetu limekuwa mahali pa kupungia upepo.

Lakini nje ya kuta mambo hayakuwa mazuri. Livingstone alipokuwa Unguja mwaka 1866 aliufanyia jina la mji mzaha kwa sababu ya uvundo wa taka za ufukweni. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana, na tabibu James Christie, aliyekuwapo, alitoa kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Dirisha linalofunguliwa kuelekea jaa haliingizi hewa njema. Nyumba haiwezi kuwa na hewa iliyo safi kuliko mtaa wake. Jambo hili Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, yaelekea alilifahamu, maana ndiye aliyeleta mjini maji safi kwa mabomba. Ndiye pia aliyejengewa hamamu ya mjini, ambamo moto uliwashwa chini kwa ajili ya maji na vyumba vya joto: mfano adimu katika pwani ya joto kutolewa mahali ambapo moshi hauingii.

Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilizungukwa na varanda pana juu ya nguzo za chuma, jua lisiziguse kuta, na katikati liliachwa uwazi mkubwa. Ndiyo nyumba iliyokuwa ya kwanza Unguja kutiwa taa za umeme. Kwa hiyo chini ya paa moja zilikutana njia mbili: ile ya kale ya kivuli na uwazi, na ile mpya ya umeme, ambayo baadaye ingeambia njia ya kwanza kuwa haihitajiki tena. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Sayansi, panka na mashine

Katika miaka hiyohiyo huko Ulaya hewa ya ndani ilianza kupimwa. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, wa Munich, alionyesha kuwa hewa ya ukaa itokayo katika pumzi za watu yaweza kuwa kipimo cha uchakavu wa hewa ya chumba, akapendekeza isizidi sehemu moja katika elfu. Mwaka uliofuata Florence Nightingale aliweka katika kitabu chake cha uuguzi, kuwa jambo la kwanza la kuangaliwa, kwamba hewa ya mgonjwa iwe safi kama ya nje bila kumtia baridi. Tazama jinsi alivyozitenga kazi mbili: usafi ni jambo moja, ubaridi ni jingine. Dhana ya siku hizo kuwa homa hutokana na hewa mbaya, ambayo ndiyo maana ya neno malaria katika Kiitalia, iliangushwa mwaka 1897 Ronald Ross alipomwona mdudu wa malaria ndani ya mbu. Dhana ilikuwa ya makosa, lakini majengo yaliyotokana nayo, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, hayakuwa makosa.

Panka liliingia Afrika ya Mashariki pamoja na mazoea ya Bara Hindi: kitambaa kipana kilichotundikwa darini na kuvutwa kwa kamba na mtumishi. Baadaye mapanga ya umeme yalichukua mahali pake. Tanzania wengi huyaita pangaboi, na ni vigumu kulisikia neno hilo bila kusikia ndani yake panka la Kihindi na boi wa Kiingereza, yule mvuta kamba. Mashine imerithi jina la mtu iliyemwondoa kazini. Imerithi na mipaka yake pia: pangaboi hupepea tu. Haipozi chumba wala haiingizi hewa mpya. Humpoza mtu kwa kukausha jasho lake.

Mashine ya kupoza ina asili nyingine. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kwa kuwa unyevu wa hewa ulifanya karatasi zitanuke na rangi zisilingane. Mtambo ulitengenezwa kwa ajili ya karatasi kabla haujafika kwa watu. Leo mtambo huo twauita kiyoyozi. Wenye majengo walipoupata waliona kuwa kiwanda, varanda na dirisha la mkabala ni gharama isiyo na faida. Maxwell Fry na Jane Drew walikuwa wameandika mwaka 1956 kitabu kizima juu ya ujenzi wa nchi za joto na unyevu, wakitaka nyumba iupokee upepo. Lakini katika miji yetu ghorofa za vioo zisizofunguka zimeongezeka.

Sasa yatupasa kusema jambo ambalo wengi hawalijui. Kiyoyozi cha kawaida cha chumbani, chenye sehemu moja ukutani na nyingine nje, hakileti hewa ya nje. Huvuta hewa ileile ya chumba, huipoza, hupunguza unyevu wake, na kuirudisha. Mabomba yaliyopita ukutani hubeba gesi ya kupozea, hayabebi hewa ya kuvuta. Watu kumi wakifungiwa humo, baada ya saa moja wanavuta pumzi za wenzao zilizopozwa. Twasema hewa inazunguka vizuri, na kwa hakika inazunguka. Kuzunguka si kupita. Msemo mzunguko wa hewa, unaotumika ovyo katika maagizo ya ujenzi na ya afya, umekubali maana mbili zinazopingana.

Gharama ya mchanganyiko huo ilionekana wakati wa maradhi ya korona. Tarehe 1 Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kupitisha hewa majengoni, likapendekeza kwa nyumba za kuishi lita 10 za hewa mpya kwa kila mtu kwa sekunde. Ushahidi wa kifua kikuu ulikuwapo kabla ya hapo. Uchunguzi wa hospitali za Lima, Peru, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa madirisha na milango ikifunguliwa hewa ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, hali vyumba vya mashine vilibadilisha mara 12. Na wodi zilizojengwa zaidi ya miaka hamsini kabla, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilizishinda zile mpya, mara 40 kwa mara 17. Nyumba za zamani hazikuwa nzuri kwa sababu ya uzee wao. Zilikuwa nzuri kwa sababu waliozijenga hawakuwa na mashine ya kuwasahaulisha hewa.

Moshi usioonekana

Lililobaki ni zito kuliko yote, nalo ni la moto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na katika hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiofikia miaka mitano. Kwetu, uchunguzi wa Majid Ezzati na Daniel Kammen huko Laikipia, Kenya, uliochapishwa mwaka 2001 baada ya kufuatilia watu 345 katika nyumba 55, ulionyesha kuwa maradhi ya njia ya pumzi huongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi.

Katika miaka ya 1980 lilienezwa Kenya jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililoigwa kwa kiasi kutoka Thailand, nalo lilipunguza sana mkaa uliotumika. Lilikuwa jambo jema. Lakini mkaa una sifa moja iliyo ndani ya lugha yetu: twasema hauna moshi. Ndiyo sababu watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, huko Nairobi, Njombe au Mbeya, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, wakalala. Wengine hawaamki. Mkaa unaowaka kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni.

Kwa neno moshi, Kiswahili kimetaja kile ambacho macho huona na pua hunusa. Kilichobaki bila moshi kikahesabiwa salama. Neno hewa ukaa, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa gesi zote mbili, ile ya pumzi na ile iuayo, halisaidii: gesi moja ni kipimo cha chumba kilichofungwa, nyingine ni sumu inayoua kwa usiku mmoja. Hapa kazi ya mtunga kamusi si ya kupamba lugha.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia haitutaki turudi katika nyumba ya Lamu. Watu wa mijini ni wengi, viwanja ni vidogo, na joto laongezeka. Kiyoyozi kitakuwapo, na kwa mgonjwa na mzee chaweza kuwa msaada mkubwa. Wala haitutaki tuwalaumu watu wa nyanda za juu kwa kuota moto. Inatufundisha kwamba kila kizazi kilichobadili kiungo kimoja cha nyumba, iwe ni paa, dirisha au jiko, kilibadili hewa pia, na mara nyingi bila kujua, kwa sababu hakikuwa na neno la kuonya.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wanaoshughulika na istilahi. Kwanza, kazi tatu zitengwe: kupepea kuwe kwa mapanga, kupoza kuwe kwa viyoyozi, na kupitisha hewa kuwe kwa kuingiza ya nje na kutoa ya ndani, na mzunguko wa hewa usitumike pale inapokusudiwa mapito ya hewa. Pili, kaboni monoksidi ibaki na jina lake mahususi katika kamusi na katika vitabu vya shule za msingi, wala isifichwe chini ya hewa ukaa. Na maelezo yake yaseme wazi kuwa mkaa usio na moshi huitoa. Tatu, maneno ya nyumba za kale, kama kiwanda, msana na daka, yakusanywe pamoja na kazi zake za hewa, si kwa vipimo na nakshi peke yake, maana wazee wanaoyajua kwa kuishi ndani yake wanapungua kila mwaka.

Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2024 hadi 2034 umelipa umaarufu neno nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya watu waitumie ifikapo 2034. Ni neno zuri, lakini lazungumza juu ya kitu kinachochomwa. Chumba ambamo kinachomwa, ukubwa wa dirisha lake, na mahali mtoto alalapo, bado havijapata neno lenye umaarufu huo. Wataalamu wa lugha wanaweza kulitafuta, na msamiati wa pwani waweza kuwa mahali pema pa kuanzia.